Kichwa Kilichopona Mwezi wa Ramadhani

Mniwie radhi nianze na ugonjwa wangu mwenyewe. Tangu nistaafu, kila Jumapili kanisani kwetu Boko masikio yangu yanamsikiliza mchungaji, lakini macho yako kwenye taya lake. Linafunguka likienda kushoto kidogo, kisha linarudi katikati, na akifika kwenye matangazo anauma meno mpaka misuli ya mashavu inatuna. Mke wangu hunikanyaga mguu. Najua iko siku nitamvizia mlangoni nimwombe nimguse mbele ya masikio, na hapo ndipo waumini watakapokubaliana kwamba kustaafu kumenizidi.

Ninyi vijana mliobaki pale kwenye chumba cha meno mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nimeamua kuacha ya vyeo na mishahara. Vyeo vilinifikia vikiwa vimechoka, na mishahara mnaifahamu. Nitaandika habari ya kichwa kuuma na kiungo cha taya, kwa sababu ndiyo niliyochelewa kuielewa kuliko zote, na ndiyo mtakayokutana nayo kesho asubuhi bila kuitambua.

Nilifika Temeke nikitokea Upareni, nina cheti kipya cha utabibu wa meno na mikono inayowasha. Kijana akitoka chuoni anataka kung'oa tu. Niliyemkuta chumbani ni Mzee Mponda, tabibu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Siku ile ya kwanza alininyang'anya koleo, akalifungia kwenye droo na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaniketisha kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho pedali yake ilikuwa na tabia ya kushuka yenyewe, akaniambia niweke vidole mbele ya masikio yangu, nifungue kinywa na kukifunga taratibu mpaka atakaponiambia basi. Akasahau kuniambia basi. Wagonjwa waliokuwa benchini walinitazama kwa huruma, na mmoja akaniuliza nimeanza kuumwa lini.

"Sikiliza kwa vidole," Mzee Mponda alikuwa akisema. Kwa vidole nilijifunza kiungo kizima kinavyoteleza, na kibovu kinavyogonga, kinavyokwaruza, au kinavyokwama nusu njia kama droo ya kabati la zamani. Alinifundisha pia kutomwamini mgonjwa anayeonyesha jino kwa kidole. Anaonyesha pale anaposikia maumivu, na maumivu yana tabia ya kuhama nyumba.

Jaribuni wenyewe. Weka vidole kwenye mapanja, pale pembeni mwa macho juu kidogo ya mashavu, kisha uma meno. Kinachotuna chini ya vidole ni msuli wa kutafunia. Watu hudhani kazi ya kutafuna inafanyika shavuni, kumbe sehemu kubwa iko kichwani. Msuli ule ukikazwa kutwa nzima, au kiungo kikichakaa, maumivu hayakubali kukaa tayani, yanapanda juu. Ni kama kamba ya kuanikia nguo: mzigo uko katikati, lakini unaong'oka ni msumari wa ukutani. Mgonjwa naye haji kwako akasema taya linaniuma. Atapima malaria, akikosa atapima taifodi, akikosa atapimwa presha, akikosa atanunua miwani. Wewe atakufikia mwisho, na akikufikia anataka ung'oe.

Si kila kichwa, nisikilizeni vizuri. Wengi wanaoumwa kichwa wanaumwa kichwa. Mwenye homa na shingo ngumu, mwenye kichwa kilichomshukia ghafla kuliko vyote alivyowahi kuumwa, au ambaye macho yanafifia, huyo mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo na msijifanye mafundi. Lakini yule anayeumwa pande za kichwa mwezi baada ya mwezi, vipimo vyote safi, huyo mwekeeni vidole mbele ya masikio kabla hamjamwekea kitu kingine chochote.

Nilipata wengi. Alikuwepo mchonga vinyago wa Mwenge aliyekuwa akiuma meno kila nyundo iliposhuka kwenye patasi, kwa hiyo mpingo ulikuwa ukichongwa nusu kwa mikono na nusu kwa magego. Alipojifunza kufunga midomo na kuacha meno yasigusane, kichwa kilimwacha, akatuletea kinyago cha mzee anayecheka meno yote nje. Alikuwepo pia karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, ambaye alibana simu kwa taya na bega kuanzia asubuhi mpaka jioni akigombana na madereva wa malori. Yule tulimponya taya. Ugomvi haukuwa katika idara yetu.

Mzee Mponda alipoondoka kazini alinikabidhi ufunguo wa droo bila hotuba. Nilikuwa nimeanza kuota mvi, na nilidhani kwa habari ya taya sina tena la kuulizwa nikashindwa. Ndipo akaja Bi Kidawa.

Alikuja wiki chache baada ya Idi, na aliingia yeye kwanza, mgonjwa akafuata nyuma. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mwenyeji wa Temeke wa kuzaliwa, doti yake ya kanga imekaa vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda changu cha kazi kana kwamba nilimwekea yeye. Mgonjwa aliyekuja naye alikuwa mke wa mwanawe, Salma, fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye viganja vyeupe kuliko nilivyovipenda. Mume, Shabani, alikuwa kazini bandarini, na kwa maelezo yaliyofuata nilielewa kwamba hata angekuwepo asingesema kitu.

Bi Kidawa alieleza kesi yote mwenyewe. Salma anaumwa kichwa pande zote mbili, kila siku, mwaka wa tatu sasa. Ameshapimwa kila kitu. Miwani anayo. Magego mawili yameshang'olewa mahali pengine, na kichwa kiko pale pale. Lakini kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukiandama, siku mbili tatu za mwanzo kinazidi, kisha kinapungua, na kufikia katikati ya mwezi Salma ni mzima, anashona nguo za sikukuu za mtaa mzima. Idi ikipita tu, kabla hata sahani za pilau hazijarudishwa kwa majirani, kichwa kinarudi.

"Mie sisemi nimeota, dokta. Nimeona, miaka mitatu. Na mwezi mtukufu mashetani wanafungwa minyororo, hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Sasa maradhi gani yanafungwa pamoja na mashetani?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jini mahaba, jini la kiume linalompenda mke wa mtu, likamnyima raha na likamlia mimba tumboni. Salma hakuwa na mtoto. Familia ilikuwa imeshakaa kikao: mwezi ujao angerudishwa kwao Utete, wazee wake wahangaike naye, na Shabani angetafutiwa mwingine. Leo wamekuja kung'oa gego la juu kulia, kwa sababu Salma mwenyewe ameomba sana, na Bi Kidawa hakutaka aseme kwao kwamba alinyimwa matibabu.

Niwaambie ukweli, maelezo yale yalinishinda. Sikuamini habari ya jini, lakini niliamini macho ya yule mama. Nimehudumia watu wengi waliofunga, na mara nyingi funga huwaletea kichwa. Sikuwahi kusikia inayokiondoa. Kama ni macho na cherehani, Ramadhani ndiyo ingemwangusha kabisa, maana ndio mwezi anaoshona kuliko miezi yote. Kama ni mawazo ya ndoa, mawazo hayaendi likizo. Nilimwomba Bi Kidawa anisubiri benchini, akatoka bila kupenda.

Mlango ulipofungwa, Salma alikaa kwenye kiti, akafungua kinywa kabla sijamwambia, kisha akakifunga tena ili aseme.

"Ning'oe, dokta. Hata kama zima, we ng'oa. Wakiona damu labda wataningoja kidogo."

Nilikuwa nimeombwa kung'oa meno mazima kwa sababu nyingi za kijinga. Hii haikuwa ya kijinga, na iliniuma. Niliweka vidole mbele ya masikio yake. Kiungo cha kulia kiligonga, cha kushoto kikakwaruza, na nilipobonyeza kwenye mapanja aliruka. Nikawasha taa nikaangalia ndani. Magego yaliyobaki yalikuwa yamelika na kuwa bapa, yana vipande vidogo vilivyomeguka pembeni, meno ya bibi wa miaka themanini kwenye kinywa cha mwanamke huyu. Na nyuma ya gego la mwisho, kati ya jino na ufizi, kilikuwemo kitu kidogo cheupe. Nilikitoa kwa kibano nikakiweka kwenye sahani ya chuma, kikalia.

Kilikuwa nusu ya punje ya mchele. Mchele mbichi. Ilikuwa asubuhi, na wali uliopikwa haulii ukianguka kwenye sahani ya chuma.

Sikumuuliza kwa ukali. Nilimuuliza anatafuna kiasi gani kwa siku. Alitazama mlango, akaanza kulia bila sauti, na akasema nusu kilo, siku nyingine zaidi. Anauweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo, na mguu ukikanyaga pedali mkono unakwenda wenyewe. Hawezi kuacha. Ramadhani ndiyo inayomwachisha, kwa sababu amefunga, na usiku anakaa na watu wote kwenye futari ya uji na tambi na mihogo iliyopondeka, akitoka hapo analala.

Basi nikaelewa. Mwanamke mwenye damu kidogo mara nyingi hutamani kutafuna vitu, mchele, udongo, barafu, na viganja vyake vilikuwa vimeniambia kabla ya kinywa. Taya lilikuwa likisaga kokoto miezi kumi na moja na kupumzika mmoja. Nilimwambia kwamba hili lina dawa, na kwamba tumwite mama mkwe tumweleze hapo hapo.

Alinishika mkono wa koti. Mwaka wa kwanza wa ndoa, alisema, mama alimwona akitafuna mchele jikoni. Hakusema kitu, alitabasamu tu, lakini kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa na furaha, kwa sababu mwanamke anayetafuna mchele ana mimba, kila mtu anajua. Wakampunguzia kazi. Shabani akawa anamletea maembe. Yeye akaona haya kukanusha, akangoja, na siku zake zilipokuja aliona kama amewaibia. Tangu siku hiyo anatafuna kwa siri. Akisema leo kwamba hakuacha, wataona ama aliwadanganya wakati ule, ama anawadanganya sasa.

"Bora waseme jini," akasema. "Jini si kosa langu."

Ile methali ya mficha uchi hazai ilinifika ulimini, nikaimeza haraka. Wapo watu wa kuambiwa methali hiyo, yeye hakuwa mmojawapo. Siri ilikuwa yake na niliiacha kwake. Lakini hukumu ilikuwa mwezi ujao, na ndipo nilipokumbuka shangazi zangu Waislamu kule Upareni, na vile ambavyo baada ya kila Ramadhani walikuwa wakilipa siku walizokula kwa sababu ya hedhi. Nilimuuliza Salma kama ana siku za kulipa. Akasema anazo nyingi, hajalipa za miaka yote mitatu, maana hedhi yake ni nzito na haikatiki mapema. Na hapo pia palikuwa na jibu la kule damu ilikokuwa ikienda.

Nilimwita Bi Kidawa. Sikumtajia mchele. Nilimuuliza mashetani mwezi huu wako wapi. Akanitazama kwa shaka, Mkristo anayemuuliza habari ya mashetani, akasema wako huru, wanazurura. Basi, nikasema, Salma ana deni la saumu. Alilipe sasa, mfululizo, akiwa hapa hapa nyumbani, na usiku ale vyakula laini tu kama vya futari. Daktari wetu ampime damu kwanza na akubali. Halafu tuangalie kichwa.

Bi Kidawa alikuwa na akili iliyonyooka, na niliona ikitembea.

"Kichwa kikimwacha na mashetani wako huru," akasema, "basi si jini."

"Ndivyo."

"Na kisipomwacha?"

Nikasema kisipomwacha sitakuwa na la kusema. Ilikuwa kweli, na sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nimeweka ndoa ya mtu kwenye mizani kwa sababu ya nusu ya punje.

Daktari alimpima Salma, akakuta damu iko chini, chini lakini si ya kumlaza. Funga hakuipenda. Alikubali kwa masharti kwamba anywe vidonge vya kuongeza damu kila usiku, akisikia kizunguzungu afungue mara moja, na baada ya hapo aanze kliniki ya wanawake kuhusu ile hedhi. Mimi nilimfundisha kukanda mapanja kwa kitambaa cha maji ya moto, na kuacha meno yasigusane anaposhona. Nilimwambia siku za mwanzo zitakuwa mbaya.

Aliyerudi, wiki mbili baadaye, ni Bi Kidawa, peke yake. Safari hii hakukaa kwenye kigoda changu, alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, na pedali ikamshusha kidogo, akajitengeneza kanga kana kwamba hakushushwa. Nilidhani ameleta habari mbaya. Akasema kichwa kimemwacha Salma tangu juzi. Anashona na anaimba. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, Salma anakula nini akiwa hajafunga.

Nikamwambia ya mgonjwa wangu hubaki na mgonjwa wangu.

"Usiseme," akasema. "Mie ndo nachambua mchele wa nyumba ile. Najua ungo unavyopungua. Najua tangu zamani, dokta. Miaka yote hii najua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa naogopa. Nikiona umepungua nasema moyoni, safari hii ndo yenyewe. Nikiuliza, mimba itatoka. Basi nanyamaza, naongeza mchele. Miezi inapita, tumbo hakuna. Hapo ndo nikasema, hizi mimba kuna kitu kinazila."

Kwa hiyo alikuwa akiununua yeye. Salma aliiba mchele kwa hofu ya kuamsha tumaini la mkwewe, na mkwe aliuongeza kwa hofu ya kulivunja, na kati yao taya la mtu likasagika miaka mitatu. Nimeona mengi kwenye chumba kile, damu na usaha na watu wazima wakilia kama watoto, lakini sikumbuki siku nyingine niliyokosa pa kuweka mikono yangu.

"Sasa niambie hili moja tu," akasema. "Ule mchele haukuwa wa mtoto?"

"Haukuwa wa mtoto, mama. Damu imempungukia. Ni mgonjwa."

Alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nikamwambia kwamba damu ikirudi na hedhi ikitibiwa, mtoto anaweza kuja na anaweza asije, na kwamba hilo sina uwezo wa kumwahidi. Akasema hakuniomba ahadi. Akauliza chakula gani kinaleta damu, nikamtajia maini, dagaa, matembele. Aliporudia majina yale kwa kunong'ona, nilijua Utete hatakwenda mtu.

Salma alikuja mwisho wa mwezi uliofuata kuangaliwa kiungo. Kiligonga kidogo bado, na nilimwambia kitaendelea kugonga, hakuna ubaya, mradi kisimpandishe kichwa. Mkwewe alikuwa amekwenda naye kliniki, wamekaa foleni moja tangu asubuhi. Nilimsifia kanga alizovaa, mpya kabisa, hazijawahi kuona maji, na zinanukia udi.

"Kanipa mama," akasema. "Alizinunua ule mwaka wa kwanza, za kumpokelea mjukuu. Alikuwa kazifungia sandukuni. Kasema nizivae tu mie."